Alberto Giacometti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila picha ya zile sanamu ndefu nyembamba inapozunguka mtandaoni, maswali yaleyale hurudi: huyu ni nani, mbona watu wake wamekonda hivyo, na mbona zinauzwa bei ya kununua mtaa mzima. Haya hapa majibu, kuanzia mambo ya msingi hadi yale yanayoulizwa na wachache. Si lazima uyasome kwa mpangilio.

## Mambo ya msingi

Giacometti alikuwa nani?

Alberto Giacometti alikuwa mchongaji na mchoraji aliyezaliwa Uswisi tarehe 10 Oktoba 1901 na kufariki tarehe 11 Januari 1966. Karibu maisha yake yote ya kazi aliyapitishia Paris. Anajulikana zaidi kwa sanamu za shaba za watu waliosimama au wanaotembea, wembamba mno, wenye ngozi iliyojaa alama za vidole na kisu, alizoanza kuzitengeneza baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Wasanii wengi wa kizazi chake waliuacha mwili wa binadamu wakahamia kwenye maumbo yasiyo na sura. Yeye aliyajaribu hayo, akafanikiwa, kisha akarudi kwenye kichwa cha mtu aliyeketi mbele yake na hakuondoka hapo tena.

Jina lake linatamkwaje?

"Jakometi", ukikazia sauti ya "t". Ni jina la Kiitaliano.

Alikuwa Mswisi, Mwitaliano au Mfaransa?

Mswisi. Kijiji alichozaliwa, Borgonovo, kiko karibu na Stampa katika bonde la Bregaglia, jimbo la Graubünden, na huko watu huzungumza Kiitaliano. Mkanganyiko unatokana na hapo, na pia na miaka zaidi ya 40 aliyokaa Ufaransa. Hata hivyo alirudi Stampa mara kwa mara kumwona mama yake, na alikuwa akifanya kazi huko kama alivyofanya Paris.

Ni kweli ukoo wake wote ulikuwa wa wasanii?

Karibu wote. Baba yake, Giovanni, alikuwa mchoraji mwenye jina Uswisi. Baba yake wa ubatizo, Cuno Amiet, naye alikuwa mchoraji, na Augusto Giacometti, binamu wa mbali wa baba, vilevile. Mdogo wake Diego alikuja kuwa msaidizi wake na baadaye mtengeneza samani maarufu. Bruno, kitinda mimba, alikuwa msanifu majengo na aliishi hadi mwaka 2012. Dada yao Ottilia alifariki mwaka 1937 alipokuwa akijifungua.

Alberto hakuhitaji kupigana na wazazi ili awe msanii. Rangi na udongo vilikuwamo nyumbani. Akiwa na umri wa miaka 13 hivi tayari alikuwa amefinyanga kichwa cha Diego, na miaka hamsini baadaye alikuwa bado anakifinyanga kichwa hichohicho.

Kwa nini aliishi kwenye kibanda ilhali alikuwa tajiri?

Karakana yake ilikuwa 46 rue Hippolyte-Maindron, kusini mwa Paris. Aliingia mwishoni mwa mwaka 1926 na hakuhama hadi kufa. Ilikuwa chumba cha mita za mraba 24 hivi, bomba la maji liko uani, kuta zimechorwachorwa, sakafu nyeupe kwa vumbi la plasta.

Katika miaka ya 1950 fedha zilianza kuingia kweli, kupitia wauzaji wake wawili, Pierre Matisse wa New York na Aimé Maeght wa Paris. Fedha hizo aliwagawia watu wake, yeye akaendelea kulala pale na kula mkahawani. Wengi wanapenda kuligeuza jambo hili kuwa hadithi ya utakatifu. Mimi naona sababu ni ya kawaida zaidi: alikuwa na hofu kwamba akihama, jicho lake litapoteza vipimo vilivyozoeleka, umbali uleule kati ya kiti chake na kiti cha aliyeketi. Kwa mtu aliyekuwa akipambana na swali la umbali (tazama "Kwa nini sanamu zake ni nyembamba hivyo?"), hilo si jambo dogo.

Alikuwa mume mwema?

Hapana. Alimpata Annette Arm mjini Geneva mwaka 1943, naye Annette akamfuata Paris mwaka 1946. Walioana mwaka 1949. Annette alivumilia baridi ya karakana ile, saa nyingi za kuketi bila kutikisika, na mume aliyekwenda kwenye madanguro bila kuficha. Kuanzia mwaka 1960 akaongezeka msichana aliyeitwa Caroline, ambaye alichorwa mara nyingi sana. Ukitazama picha za Annette za miaka ile ya mwisho, macho yake hayana utani.

## Njia aliyopita

Alisomea wapi?

Geneva kwa muda mfupi, kisha akazunguka Italia mwaka 1920 na 1921, akatekwa na wachoraji wa zamani, Tintoretto kule Venice na Giotto kule Padua. Januari 1922 akafika Paris na kujiunga na Académie de la Grande Chaumière chini ya Antoine Bourdelle, ambaye naye alikuwa amefanya kazi kwa mchongaji maarufu Rodin. Alihudhuria kwa vipindi kwa takriban miaka mitano.

Kuna tukio la safari ya Italia ambalo wasomaji wengi hulipuuza. Mwaka 1921 alisafiri na mzee mmoja Mholanzi waliyekutana njiani. Mzee akaugua milimani na kufa usiku uleule, Alberto akiwa kando yake. Alisema baadaye kwamba tangu siku ile uhai ulimwonekania kitu chepesi mno. Inasemekana hakulala tena gizani.

Sanaa ya Afrika ilimgusa?

Ndiyo, na ushahidi upo kwenye kazi zenyewe. Katika miaka ya 1920 Paris ilikuwa imejaa vinyago vilivyotoka makoloni ya Ufaransa na Kongo ya Wabelgiji, katika makumbusho ya Trocadéro na katika maduka. Giacometti alivichora, akavisoma, na kufikia mwaka 1927 akatoa sanamu yake ya kwanza kubwa, "Mwanamke Kijiko" (*Femme cuillère*). Chanzo chake ni miko mikubwa ya mbao ya Wadan wa Liberia na Côte d'Ivoire, inayobebwa na mwanamke anayeheshimiwa kijijini kwa ukarimu wake. Kwenye miko hiyo mpini mara nyingine huchongwa kama miguu ya mtu. Giacometti aligeuza: bakuli la kijiko likawa tumbo na kiuno cha mwanamke, kichwa kikabaki kibonge kidogo juu.

Jambo ambalo makala nyingi za Ulaya hulipita haraka ni kwamba wachongaji wa Kidan walikuwa na majina na sifa kwao, lakini vitu vyao vilifika Paris bila jina la aliyevichonga. Deni lipo, ila mdai hajulikani.

Na usiisahau Misri. Sanamu za Misri ya kale, alizozinakili tangu ujana wake, zilibaki kwake kipimo cha juu kuliko kitu chochote cha Wagiriki. Ile namna ya mtu kusimama wima, mikono imebanwa ubavuni, na ile hatua moja mbele huku nyayo zote mbili zikiwa chini, vimetoka huko.

Je, aliiga Wamakonde?

Swali hili huulizwa na watu wa kwetu, na linaeleweka, kwa sababu shetani za Kimakonde nazo ni ndefu na zimepinda. Hapana. Mtindo wa shetani ulianza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa mkono wa Samaki Likankoa, na sanamu nyembamba za Giacometti zilikuwapo tangu mwaka 1947. Wala Wamakonde hawakumwiga yeye. Likankoa alichonga mpingo kutoka nje kwenda ndani, akitoa viumbe wa simulizi; Giacometti alijaza udongo juu ya waya, akitafuta sura ya mtu aliye mbele yake. Kufanana kwao ni kwa kivuli tu.

Ni kweli alifukuzwa na Wasurealisti?

Ndiyo. Mwaka 1930 alionyesha "Mpira Ulioning'inizwa": mpira wenye mpasuko unaoning'inia juu ya umbo la hilali, vinakaribiana bila kugusana sawasawa. Mchoraji Salvador Dalí na mwandishi André Breton, kiongozi wa Wasurealisti, walisisimkwa, wakamwingiza kundini. Miaka michache iliyofuata alitoa kazi za ajabu: "Mwanamke Aliyekatwa Koo" (1932), ambayo hulazwa sakafuni moja kwa moja; "Kasri Saa Kumi Alfajiri" (1932), kijumba cha vijiti kilichoko MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York; na "Kitu Kisichoonekana" (1934), mwanamke aliyeshika hewa kwa mikono miwili.

Baba yake alifariki mwaka 1933. Karibu na mwaka 1935 Alberto alianza tena kumketisha mtu na kumfinyanga kichwa. Kwa kundi lililodai sanaa itoke ndotoni, hiyo ilikuwa usaliti. Breton alikasirika, akauliza kuna nani asiyejua kichwa kikoje. Giacometti alitolewa, na kwa kutoka alipoteza marafiki wengi kwa siku moja. Alidhani kazi ya kichwa ingemchukua wiki mbili.

Hadithi ya viberiti ni ya kweli?

Kiini chake ni kweli. Kuanzia karibu mwaka 1938 sanamu zake zilianza kusinyaa. Alianza na umbo kubwa, akawa anapunguza na kupunguza, hadi likabaki la ukubwa wa kidole, mara nyingine la punje ya karanga, kisha kisu kikaligusa mara moja zaidi likawa vumbi. Alipokuwa Geneva wakati wa vita, kuanzia mwanzoni mwa mwaka 1942 hadi 1945, aliishi hotelini katika chumba kidogo na kufanya hivyo kila siku. Inasimuliwa kwamba aliporudi Paris kazi za miaka yote hiyo zilienea katika maboksi machache ya viberiti.

Watu huchekea hapo na kupita. Kwangu mimi miaka hiyo ndiyo ufunguo wa yote yaliyofuata. Yeye mwenyewe alieleza asili yake: usiku mmoja mwaka 1937 alimwona rafiki yake Isabel amesimama mbali kwenye boulevard Saint-Michel, mdogo, na juu yake giza kubwa la majumba. Alitaka kumtengeneza kama alivyomwona, pamoja na giza lile. Ndiyo maana vitu vile vidogo vimepachikwa juu ya vitako vikubwa kuliko sanamu yenyewe: kitako ndicho umbali.

## Zile sanamu nyembamba

Kwa nini sanamu zake ni nyembamba hivyo?

Kwa sababu alikuwa akitengeneza mtu anavyoonekana, si mtu alivyo akipimwa kwa futi kamba. Mchongaji wa kawaida huzunguka mwili, akapima bega, akapima nyonga, akaviunganisha. Giacometti aliona huo ni uongo wa aina yake: hakuna anayemwona mwenzake hivyo. Mtu aliye ng'ambo ya barabara humwoni mabega kwanza. Unamwona wima, mzima, mara moja, na pande zake mbili zinaliwa na nafasi iliyomzunguka.

Baada ya vita alijikataza jambo moja: sanamu zisisinyae tena, lazima ziwe na urefu fulani. Hapo ndipo zikaanza kuwa nyembamba. Urefu ulirudi ila upana ukagoma. Mwenyewe alisema hakukusudia; kila alipojaribu kuongeza unene, sanamu ilipoteza ukweli wake.

Kama unataka kulijaribu, mtazame mtu anayekuja kutoka mwisho wa barabara iliyonyooka saa ya jua kali. Subiri afike hatua kumi kutoka kwako na ujiulize ni lini hasa aliacha kuwa mstari akawa na kifua.

Je, si kumbukumbu ya wafungwa wa kambi za mateso?

Wengi walizisoma hivyo tangu mwanzo, na si ajabu: picha za kambi zilikuwa zimetoka magazetini mwaka 1945, na sanamu hizi zikaonyeshwa New York Januari 1948. Mwanafalsafa Jean-Paul Sartre, aliyeandika utangulizi wa maonyesho hayo, aliongeza maana yake: upweke wa binadamu, uhuru wake, kuwa kwake mbele ya macho ya wengine.

Giacometti hakuukataa ukali uliomo, lakini hakusema kamwe kwamba anachonga wafungwa. Ukweli kwamba kusinyaa kulianza kabla ya vita (tazama "Hadithi ya viberiti ni ya kweli?") unaonyesha chanzo ni macho yake, si habari za gazeti. Mtazamaji ana haki ya kuiona njaa au vita pale. Asimsingizie tu aliyefinyanga.

Mbona wanaume wanatembea na wanawake wamesimama tu?

Ni kanuni aliyoifuata karibu bila kuivunja baada ya vita. Mwanamume anapiga hatua, anaonyesha kidole, anavuka uwanja. Mwanamke amesimama wima, miguu imeungana, kama sanamu ya hekaluni. Wengine wanaona heshima, wengine wanaona hofu. Nadhani vyote viwili vipo, na kwamba hakuwahi kuwaona wanawake kama watu wenye safari zao. Ukitaka isiyofuata kanuni, "Mwanamke Anayetembea" ya mwaka 1932 inatembea, ila haina kichwa.

Kwa nini nyayo ni kubwa sana?

Zinabeba uzito, kwanza, maana fito ya shaba ya karibu mita mbili haisimami kwenye kisigino. Lakini pia zinaushika mwili chini. Tazama "Mtu Anayetembea I" kutoka ubavuni: kiwiliwili kimeinamia mbele kana kwamba kinataka kuondoka, nyayo zimezama kwenye kitako kama zimenaswa topeni. Mwendo wote umo katika ubishi huo.

Hizi si kazi ambazo hazijamaliziwa?

Kwake hakuna iliyowahi kumalizika. Kazi iliondoka karakana kwa sababu tarehe ya maonyesho imefika au kwa sababu Diego ameinyakua na kuipeleka kusubiwa, yaani kumiminwa kwa shaba iliyoyeyushwa.

## Kazi ya mikono

Alichonga kwa patasi au alifinyanga?

Alifinyanga zaidi. Alianza na kiunzi cha waya wa chuma, akakijaza udongo wa mfinyanzi au plasta ya jasi. Udongo aliuminya kwa vidole gumba. Plasta ikishakauka aliikwangua kwa kisu kidogo cha mfukoni, na mara nyingine akaipaka rangi. Kutoka kwenye udongo ilitengenezwa kalibu ya plasta, kisha mafundi wa kiwandani wakasubu shaba, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na bati. Shaba ikarudi kwa Diego, ambaye ndiye aliyesimamia rangi yake ya nje, ya kahawia, kijani au karibu nyeusi.

Kwa hiyo zile alama unazoziona kwenye chuma si za chuma. Ni vidole vyake kwenye udongo mbichi, vikahifadhiwa.

Ni kweli alivunja kazi zake kila usiku?

Si kila usiku, lakini mara nyingi mno. Alifanya kazi hadi alfajiri, akalala asubuhi, akaamka mchana. Kilichofinyangwa saa nane usiku kingeweza kubomolewa saa tisa. Mwaka 1956, akijiandaa kwa maonyesho ya Biennale ya Venice, alimfinyanga mwanamke mmoja aliyesimama kwa wiki kadhaa kwa udongo uleule juu ya kiunzi kilekile. Kila hali ilipompendeza kidogo, Diego aliitoa kalibu ya plasta, kisha Alberto akaendelea kuibadilisha. Ndivyo walivyopatikana "Wanawake wa Venice". Ni hatua mbalimbali za sanamu moja iliyokataa kuisha.

Upande mwingine, "Mtu Anayeonyesha Kidole" ya mwaka 1947, yenye urefu wa mtu mzima, aliifanya, kwa maelezo yake, usiku mmoja tu kabla gari la kuichukua halijafika.

Nani walikaa mbele yake?

Diego na Annette kuliko wote, kwa miongo. Wengine wakubwa ni Isaku Yanaihara, profesa wa falsafa kutoka Japani aliyeanza kuketi mwaka 1956 na kujikuta akiahirisha safari yake ya kurudi kwao; mwandishi Jean Genet; Caroline; na mwishoni mpigapicha Eli Lotar, ambaye vichwa vyake vya mwaka 1965 ni miongoni mwa kazi za mwisho kabisa. Mwaka 1964 Mmarekani James Lord aliambiwa picha yake itachukua alasiri moja. Alikaa mara 18.

Masharti yalikuwa magumu: usitikisike, mtazame machoni. Giacometti aliamini uhai wa mtu uko kwenye kutazama, na akilipata jicho, kichwa kilichobaki kitafuata. Kwa wazo hilo, fuvu na mtu aliye hai vinatofautiana kwa jambo moja tu.

Diego alikuwa msaidizi tu?

Alikuwa mikono ya pili. Viunzi, kalibu, usimamizi wa kusubu na rangi ya shaba vilikuwa vyake, na bila yeye sehemu kubwa ya kazi za Alberto ingebaki vumbi sakafuni. Katika miaka ya 1930 walitengeneza pamoja taa, vasi na vyombo vya nyumbani kwa mpambaji Jean-Michel Frank, na kipato hicho ndicho kilichowalisha. Baada ya kifo cha kaka yake, samani za shaba za Diego zilipata jina lake zenyewe. Za makumbusho ya Picasso mjini Paris ni zake. Alifariki mwaka 1985.

Alichora pia?

Sana, kwa penseli na kwa mafuta. Picha zake za rangi ni za kijivu na kahawia, mtu ameketi katikati ya turubai, kichwa kimechorwa na kufutwa hadi kimekuwa kidogo na kizito. Wapo wanaozipenda kuliko sanamu.

## Kazi za kuanzia

Nikitaka kuanza, nitazame zipi?

Tafuta tano kwa mfuatano: "Mwanamke Kijiko" (1927), "Kitu Kisichoonekana" (1934), moja ya zile ndogo za wakati wa vita, "Uwanja wa Mji" (1948) na "Mtu Anayetembea I" (1960). Katika "Uwanja wa Mji" wanaume wanne wanakatiza bamba la shaba na mwanamke mmoja amesimama. Kila mmoja anaelekea kwake, na ukifuata njia zao hakuna watakaokutana.

Kisha, kwa kuburudika, mtazame "Mbwa" (1951): kichwa chini, mbavu nje, anatembea kando ya ukuta. Giacometti alimwambia Genet kwamba siku moja alijiona barabarani vile, naye alikuwa mbwa yule.

Ni kweli "Mtu Anayetembea" alitengenezwa kwa ajili ya benki?

Ndiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Chase Manhattan ilikuwa ikijenga makao makuu New York na ilitaka sanamu kwa uwanja wa mbele. Giacometti hakuwa amewahi kufika Marekani. Alitengeneza wanaume wawili wanaotembea, wanawake wanne, mrefu kuliko wote akizidi mita 2.7, na kichwa kimoja kikubwa. Akaviona havitoshi, akajitoa. Uwanja ukabaki bila yeye, na baadaye ukapata kazi ya Jean Dubuffet.

Mwaka 1962 alipata tuzo kuu ya uchongaji Biennale ya Venice. Oktoba 1965, akiwa tayari mgonjwa, alikwenda New York kwa maonyesho yake ya MoMA na hatimaye akauona ule uwanja. Alifariki miezi mitatu baadaye hospitalini Chur, Uswisi, moyo ukiwa umechoka. Miaka mitatu kabla alikuwa amepasuliwa saratani ya tumbo. Kaburi lake liko Borgonovo, karibu na wazazi wake.

Naweza kuziona wapi?

Kunsthaus Zürich ina mkusanyo mkubwa. Paris kuna Institut Giacometti, iliyofunguliwa mwaka 2018, ambamo karakana imejengwa upya kwa vifaa vyake halisi, pamoja na kuta zilizong'olewa zikiwa na michoro yake. Kusini mwa Ufaransa, Fondation Maeght ya Saint-Paul-de-Vence inazo uani, kwenye hewa na jua. Kuna MoMA New York, Tate London na makumbusho ya Louisiana karibu na Copenhagen, Denmark. Walioko Ghuba waliwahi kuziona Doha mwaka 2017, zikiwa pamoja na kazi za Picasso, na makumbusho ya sanaa ya kisasa ya Tehran yana "Mtu Anayetembea I" yake.

Mwalimu ametuambia tutengeneze "Giacometti" kwa waya na karatasi ya alumini. Nifanyeje?

Pinda waya uwe mtu, gongomelea kwenye kibao, zungushia karatasi au kitambaa kilicholoweshwa plasta. Hapo utapata mtu mwembamba. Ukitaka alama za juu, kwanza mwombe mwenzako asimame mwisho wa uwanja wa shule na umchore akiwa pale pale alipo, kwa ukubwa uleule unaomwona ukinyoosha penseli mbele ya jicho. Utashangaa alivyo mdogo. Kisha anza na waya.

## Pesa, bandia na mambo ya kisheria

Ni kweli moja iliuzwa zaidi ya dola milioni 100?

Si moja. Februari 2010 nakala ya "Mtu Anayetembea I" iliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's London kwa pauni milioni 65, zaidi ya dola milioni 104. Mei 2015 "Mtu Anayeonyesha Kidole" ikafika dola milioni 141.3 Christie's New York, bei ya juu kuliko sanamu yoyote iliyowahi kunadiwa hadi siku hiyo.

Kama kuna nakala kadhaa, ya asili ni ipi?

Zote. Shaba husubiwa kutoka kalibu, na kwa kawaida kazi zake zilitolewa nakala sita zenye namba pamoja na chache za msanii mwenyewe. Sheria ya Ufaransa huhesabu hadi nakala 12 kuwa kazi halisi. Ziko pia zilizosubiwa baada ya kifo chake kwa idhini ya warithi. Ni halali, ila wanunuzi huzipa thamani ndogo. Binafsi, nikipewa nafasi ya kuchagua, nitaitazama plasta: ndiyo aliyoigusa.

Bandia ni nyingi?

Mno. Mwaka 2009 polisi wa Ujerumani walikamata takriban sanamu 1,000 za "Giacometti" katika ghala karibu na Mainz, na mmoja wa wauzaji alijitangaza kuwa mtu wa ukoo wa makabaila aliyemjua Diego. Uso wenye mikwaruzo ni rahisi kuuiga kwa anayetazama juujuu. Ukiletewa moja, Fondation Giacometti mjini Paris ndiyo inayochunguza uhalisi. Hati ya muuzaji peke yake haitoshi.

Nina noti ya zamani ya faranga 100 yenye sura yake. Bado ni pesa?

Dukani hapana. Noti hiyo ilitolewa mwaka 1998, mbele ina uso wa Giacometti na nyuma "Mtu Anayetembea I". Iliondolewa kwenye mzunguko tarehe 30 Aprili 2021, lakini Benki Kuu ya Uswisi bado huibadilisha kwa thamani yake kamili, bila ukomo wa muda.

Naweza kuweka picha ya sanamu yake kwenye kitabu changu?

Omba ruhusa kwanza. Katika nchi za Umoja wa Ulaya na Uswisi hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo, kwa hiyo kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2036. Kuna nchi zenye muda mfupi zaidi, ila kitabu kikiuzwa mtandaoni husomwa hata kule kwenye muda mrefu. Kumbuka pia kwamba mpigapicha ana haki yake mwenyewe juu ya picha, mbali na ya mchongaji, hivyo ruhusa ni mbili.